Kutenga, Kukata na Kuhami: Uhakiki wa Karatasi ya Transimita

Haikosi baadhi ya wasomaji watastaajabu kuona karatasi ya fundi wa umeme ikihakikiwa katika kurasa ambazo kwa desturi ni makao ya tenzi, methali na viambishi. Sina udhuru mrefu. Karatasi hiyo imeandikwa kwa Kiswahili; yamkini wanaoisoma ni wengi kuliko wanaosoma makala zetu; na sentensi mbili zilizomo ndani yake, ambazo kila moja ikisomwa peke yake haina kosa kubwa, zilipokutana zilikaribia kumgharimu kijana mmoja maisha yake. Uhakiki usioweza kusema neno juu ya maandishi ya namna hiyo sijui una faida gani.

Karatasi yenyewe ina kurasa nane. Humfikia fundi ikiwa imekunjwa ndani ya kisanduku pamoja na chombo kidogo, chembamba, kinachobanwa juu ya reli ya chuma katika kabati la umeme. Mafundi hukiita transimita. Kazi yake ni kupima volteji au mkondo wa umeme mnyoofu, yaani ule usiogeuza mwelekeo wake, na kuipeleka habari ya kipimo hicho mpaka chumba cha wasimamizi wa mitambo. Jina la kiwanda silitaji, na mfasiri simjui. Ningalimjua ningalimpa pole kwanza, maana alipewa maandishi ya Kiingereza yenye mtego ndani yake, na mtego huo hakuutega yeye.

Asidhani mtu kwamba umeme wa namna hii ni mambo ya mbali na lugha yetu. Njia kuu iliyojengwa kutoka Inga hadi Kolwezi, katika Kongo, ikamalizika mwaka 1982, huuchukua umeme mnyoofu kwa masafa ya kilomita zipatazo 1,700 na kuufikisha katika nchi ya Katanga, ambako fundi na mchuuzi husemezana kwa Kiswahili. Huko huko shaba husafishwa kwa mikondo ya ampea maelfu kwa maelfu, ingawa kila tangi la kusafishia halihitaji zaidi ya volti 2 hivi. Njia nyingine, ya volti 500,000, imeingia Kenya kutoka Ethiopia na kufika Suswa. Minara ya simu ina betri zake za volti 48. Na juu ya hayo yote yako mashamba ya paneli za jua, ambamo paneli huunganishwa mfululizo hata volteji ikapanda kufikia 1,000 au 1,500. Katika shamba moja la namna hiyo ndimo kilimotokea kisa nitakachokieleza.

Lakini hauhakikiwi usemi wa chombo pasipo kukifahamu chombo. Mkondo mkubwa haupitishwi ndani ya transimita. Hupitishwa katika kipande cha madini chenye ukinzani mdogo mno, kiitwacho shanti, na transimita hupima volteji ndogo inayotokea baina ya ncha zake mbili. Shanti ya ampea 500 iliyotengenezwa kutoa milivolti 60 ina ukinzani wa miliomu 0.12 tu, na ikibeba mkondo wake wote hutoa joto la wati 30. Iko na njia isiyougusa waya, inayotumia athari aliyoivumbua Edwin Hall mwaka 1879. Volteji hupimwa kwa kuigawanya kwanza. Njia yoyote itakayotumika, habari ya kipimo huondoka kwa mkondo mwingine, mdogo, wa miliampea 4 hadi 20. Transimita iliyopangwa kupima volti 0 hadi 1,000 hutoa miliampea 4 pasipokuwa na volti hata moja, miliampea 12 penye volti 500, na miliampea 20 penye volti 1,000. Mkondo ulichaguliwa kuwa mjumbe kwa sababu haupungui njiani kama ipunguavyo volteji katika waya mrefu.

Sasa, baina ya upande unaopimwa na upande wa habari hapana njia ya shaba. Umeme mnyoofu hauvuki transfoma. Kwa hiyo ndani ya chombo hukatwakatwa vipande ili uvushwe kwa sumaku, ama habari yake huvushwa kwa nuru, kisha upande wa pili hunyoshwa tena. Kwa hila hiyo mtu aketiye mbele ya mita zake chumbani hadhuriwi na volti 1,000 zilizo upande wa paneli. Hii ndiyo sifa kubwa ya chombo, na kiwanda hakikukosea kuitaja mapema, katika ukurasa wa pili. Tatizo ni jinsi ilivyotajwa.

Ukurasa wa pili unasema: “Chombo hiki kimetengwa.” Ukurasa wa sita unasema: “Chombo lazima kitengwe kabla ya kufungua terminali.”

Kijana alizisoma sentensi zote mbili, kama impasavyo mtu mwangalifu, na akazipatanisha. Ukurasa wa sita unadai chombo kitengwe. Ukurasa wa pili unashuhudia kwamba kimekwisha kutengwa. Basi la kufanya halikubaki. Akachukua bisibisi. Fundi mkuu, mtu mzima asiye na mazoea ya kusoma karatasi hizo, akamwuliza umeme ameukata wapi.

“Mzee, karatasi inasema kimetengwa.”

“Kimetengwa na nani?”

Kijana akanyamaza. Walipopima kwa mita waliona volti zaidi ya 800 zikiwangojea. Kisa hiki nilisimuliwa na wote wawili, nilipokwenda kumtembelea mwanafunzi wangu wa zamani aliyeiacha fasihi akasomea umeme, na wao ndio walionipa karatasi niichukue.

Swali la fundi mkuu ni swali la nahau tupu, na sidhani kama yeyote kati yetu angaliweza kuuliza bora kuliko hilo. Kiambishi -me- huarifu tendo lililokwisha kutendeka na ambalo matokeo yake yangalipo. Kikiungana na kauli ya kutendwa, msomaji hupewa haki ya kudhani kwamba yuko mtenda, hata kama hakutajwa: mlango umefungwa, barua imejibiwa, umeme umekatwa. Mtu mmoja alifanya kazi, nasi tunavuna matokeo. Mwandishi wa asili hakukusudia tendo la mtu. Alikusudia sifa ya umbile, kama mtu asemavyo chungu kina mdomo mpana. Najua nitajibiwa kwamba Kiswahili hutumia -me- ya kutendwa kwa sifa za kudumu pia, kwa kuwa husemwa nyumba imeezekwa kwa makuti na hakuna anayemtafuta mwezekaji. Ni kweli. Lakini mwenye nyumba ya makuti haambiwi katika ukurasa wa sita kwamba ni lazima nyumba iezekwe kabla hajaingia.

Pili, kitenzi kutenga hakikamiliki kikiwa peke yake. Kitu hutengwa na kitu kingine: wagonjwa na wazima, mbegu na makapi. Sentensi ya ukurasa wa pili imeuacha wazi upande huo wa pili, na msomaji huujaza kwa yale yaliyo karibu na moyo wake. Fundi aliye mbele ya kabati la umeme ana neno moja tu la kulijazia pengo hilo, nalo ni umeme. Laiti mfasiri angalilijaza mwenyewe! Walakini hapo nako angalikutana na kizuizi kingine, kwa maana chombo “kimetengwa na umeme” chaweza kuwa kimewekwa mbali na umeme, au umeme wenyewe ndio uliokitenga. Kiunganishi na, baada ya kauli ya kutendwa, humtangaza mtenda kabla ya kutangaza kitu kingine chochote. Ndiyo maana swali la “na nani” lilimtoka mzee bila kufikiri. Wenye kutunga lugha ya ufundi hawana budi kukumbuka kwamba kiunganishi hiki, kilicho kidogo hivi, kina kazi zaidi ya moja, na kwamba katika ushairi utata wake ni utamu lakini kabatini ni hatari.

Chanzo cha yote ni Kiingereza. Neno “isolated” huitwa kwa kazi mbili: husema kwamba pande mbili za chombo hazina njia ya shaba baina yao, na husema kwamba chombo kimeondolewa katika umeme ili kifanyiwe kazi. Fundi wa Kiingereza huzibagua kazi hizo kwa mazoea ya karakana na kwa maneno yanayoambatana nalo. Nilipokuwa mwanafunzi Ujerumani niliona kanuni tano za usalama zimebandikwa mlangoni pa chumba cha umeme cha jengo letu. Ya kwanza yaamuru “freischalten”, yaani kuuondoa umeme kwa swichi. Kwa sifa ile nyingine Wajerumani husema “Trennung”, utengano. Nisiwasifu kupita kiasi, kwa kuwa wana na swichi itwayo kwa shina lile lile la kutenga. Ila katika kanuni ambayo uhai umetegemea hapo, shina hilo hawakulitia. Kifaransa nacho kina “isoler” kwa jambo la kwanza, na swichi ya kukatia umeme hukiita “sectionneur”, neno lenye shina la kukata. Kwa hiyo mfasiri wa Kolwezi anayefasiri kutoka Kifaransa hukuta maneno mawili mezani pake, ilhali mwenzake wa pwani anayefasiri kutoka Kiingereza hukuta moja. Ni lugha moja ya Kiswahili, na hatari mbili zisizo sawa.

Wako watakaosema: tumia kuhami. Vitabu vya shule vimekwisha kulizoea neno kihami kwa kitu kisichopitisha umeme, na asili yake ya Kiarabu, iliyo na maana ya kulinda, inavutia. Mimi silikubali kwa mahali hapa. Waya uliohamiwa ni waya uliovikwa plastiki, nao hushikwa kwa mkono. Tukisema transimita imehamiwa tutakuwa tumemwambia fundi kwamba terminali zake hushikika, na tutakuwa tumetoka katika shimo moja na kuingia katika jingine lenye kina kile kile.

Kwa maoni yangu kutenga libaki, tena libaki kwa ile sifa ya umbile tu. Matumizi yetu ya kila siku yanaliunga mkono. Mgonjwa wa kipindupindu hutengwa, na hakuna anayedhani kwamba kwa kutengwa amepona. Ugonjwa wake ungali naye, ila hauvuki kwenda kwa wengine. Hiyo ndiyo hali hasa ya transimita: volti 1,000 zingali upande wake, ila hazivuki. Bora zaidi ni kuiacha kauli ya kutendwa na kuchukua kauli ya kutendana: pande mbili zimetengana, au, kwa lugha ya mafundi wenyewe, pande mbili hazigusani. Kauli ya kutendana haimtafuti mtenda wa nje, wala haiachi pengo, kwa kuwa kila upande umekwisha kupewa mwenzake.

Kwa lile tendo la ukurasa wa sita, Kiswahili kilikuwa na neno tangu waya wa kwanza ulipotundikwa: kukata. Kila nyumba hulitumia. Lakini hapa pana tofauti ambayo karatasi yoyote ya ufundi yapaswa kuilinda. Umeme umekatika ni umeme uliokwenda zake. Uliondoka bila kuagwa na utarudi bila kubisha hodi. Umeme umekatwa ni umeme aliouondoa mtu anayejulikana, mahali panapojulikana, na kama ana akili ametia swichi yake kufuli. Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, ambazo wanafunzi wetu huziona kuwa zoezi la kuchosha, hapa zinatenganisha fundi aliye salama na fundi asiye salama. Kuzima nako hakufai, kwa kuwa chombo kilichozimwa chaweza kuwa na waya za moto mpaka mlangoni pake.

Hata kukata hakutoshi kukisemwa bila mahali, na jambo hili ni la umeme mnyoofu hasa. Katika nyumba ya kawaida swichi kuu ikishushwa, nyumba nzima hutulia. Katika shamba la paneli swichi hukata njia ya mkondo, lakini volteji hubaki upande wa paneli maadamu kuna mwanga, kwa kuwa jua halina swichi. Betri nazo ni hivyo hivyo. Tena umeme ugeukao hupita sifuri mara 100 kila sekunde katika nchi zetu, na cheche inayozuka swichi inapofunguka hupata nafasi ya kufa. Umeme mnyoofu haupiti sifuri kamwe, na cheche yake huweza kuendelea kuwaka kama taa. Basi sentensi isemayo “kata umeme” bila kusema upande gani na kwa swichi gani ni nusu ya sentensi. Karatasi ninayoihakiki haina hata nusu hiyo.

Makosa mengine nitayapitia upesi, isipokuwa moja.

Hilo moja ni la sifuri. Ukurasa wa nne wasema: “Miliampea 4 maana yake hakuna mkondo.” Fundi akisoma hivyo atasema mwandishi amelewa, kwa kuwa miliampea 4 ni mkondo. Kilichokusudiwa ni kwamba mjumbe amefika na habari yake ni kwamba hakuna kitu. Mjumbe asipofika, yaani miliampea zikiwa 0, habari ni nyingine kabisa: waya umekatika, au chombo kimekufa. Mpango huo ni wa zamani kuliko umeme katika kazi hii, kwa maana vyombo vilivyopeleka habari kwa hewa iliyoshindiliwa vilianza na paundi 3 kwa inchi ya mraba na kuishia 15, kwa sababu ile ile ya kutaka ukimya usifanane na habari ya hakuna. Kiswahili chaweza kulisema hili bila taabu, lakini mfasiri amelitumia neno mkondo kwa vitu viwili, kile kinachopimwa na kile kinachobeba habari, ndani ya sentensi za ukurasa mmoja. Angaliandika “mkondo unaopimwa” na “mkondo wa habari” kila mara, hata kama masikio yangechoka. Mwandishi wa riwaya hukwepa kulirudia neno. Mwandishi wa karatasi ya fundi hulirudia kwa makusudi.

Ukurasa huo huo wasema mkondo wa tokeo ni “sawa na” mkondo unaopimwa. Ingalikuwa kweli, shanti ya ampea 500 ingalituma ampea 500 katika waya mwembamba kuliko uzi wa viatu! Kinachotakiwa ni uwiano: kimoja hupanda kadiri kingine kinavyopanda. Sawia lipo, na sioni kwa nini halikutumiwa.

Ama jina la chombo, karatasi hukiita “kisambazaji”. Kusambaza ni kueneza huku na huku, nacho chombo hiki hakienezi. Hupeleka habari moja, kwa waya mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, hadi kwa mpokeaji anayejulikana. Nimesikia pendekezo la kukiita kipashio, kutokana na kupasha habari. Ni neno zuri, bahati mbaya sisi wanaisimu tumekwisha kulikalia, na sidhani fundi atafurahi kuchangia neno na mofimu. Mafundi husema transimita, hulipa upatanisho wa ngeli ya i-/zi- bila kumwuliza mtu, na hawakosani juu yake. Liachwe. Tumekaa katika kamati nyingi tukibishania majina ya vyombo mpaka chai ikapoa, na sikumbuki hata mara moja tuliyobishania wakati au kauli ya kitenzi. Kijana yule hakuponzwa na jina. Angalikiita chombo kwa jina lolote, bado -me- na -tengwa zingalimsubiri.

Niliporudi mjini niliziandika upya sentensi zile mbili, nikampelekea mwanafunzi wangu awaonyeshe wenzake. Ya kwanza ilisomeka hivi: “Ndani ya transimita hii upande unaopimwa na upande wa habari hazigusani, upande unaopimwa una umeme wa hatari wakati wote.” Ya pili: “Kabla ya kufungua terminali, kata umeme kwa swichi ya upande wa paneli, tia kufuli, kisha hakikisha hakuna umeme.”

Ya kwanza waliikubali kama ilivyo. Ya pili ilirudi na mstari wa kalamu ya fundi mkuu. Alikuwa ameyafuta maneno “hakikisha hakuna umeme”, na mahali pake ameandika kwa herufi kubwa: “PIMA KWA MITA, PANDE ZOTE MBILI ZA SWICHI.” Pembeni, kwa herufi ndogo, alieleza kwamba hakikisha ni neno ambalo kijana hulitimiza kwa macho.